Mpelelezi wa Mji Mdogo

Kuna namna ya hadithi niliyoipenda tangu ujana wangu, na mapenzi yangu kwayo yalinitia katika kosa ambalo sijalisahau. Nataka kukueleza yote mawili, mapenzi na kosa, kwa sababu nadhani wewe nawe, msomaji kijana, umekwisha kuonja utamu wa hadithi hizo au utauonja karibu. Na mtu aliyekwisha kujikwaa ana wajibu wa kumwonyesha mwenziwe jiwe lilipo.

Hadithi nizisemazo ni za upelelezi, wala si za upelelezi wowote. Sisemi habari za majasusi wa serikali, wala za askari wakimbizanao na wezi kwa magari. Nasema zile ambazo jambo la kutisha hutokea katika mji mdogo au kijiji, mahali ambapo kila mtu humjua mbuzi wa jirani yake kwa sauti. Mtu hukutwa amekufa, au mali hutoweka. Polisi huja, hupima nyayo, huandika majina, na mara nyingi humshuku mtu asiyehusika. Kisha hutokea mtu mmoja wa pale pale, asiye na cheo, wala silaha, wala mshahara wa kazi hiyo: pengine bibi kizee, pengine padri, pengine bwana mvuta kiko. Mtu huyo huuliza maswali mawili matatu yaonekanayo kuwa ya upuzi, hukaa kimya, kisha hulifumbua fumbo zima. Wahenga wetu walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Hadithi hizi zote zimo ndani ya methali hiyo.

Walakini hadithi za upelelezi hazikuzaliwa vijijini. Edgar Allan Poe wa Marekani alipomtunga mpelelezi wake Dupin mwaka 1841, alimweka katika mji wa Paris. Na Arthur Conan Doyle alipomleta Sherlock Holmes duniani mwaka 1887, alimpa makazi London. Palikuwa na sababu. Mji mkubwa ni msitu wa watu, na mtu aweza kupotea ndani yake kama sindano mchangani. Mpelelezi wa mji mkubwa hawajui watu, basi hutegemea vitu: majivu ya tumbaku, tope la kiatu, mkunjo wa kofia. Vitu humwambia yale ambayo watu hawamwambii.

Njia nyingine ilifunguliwa mwaka 1910, G. K. Chesterton wa Uingereza alipoanza kutoa hadithi za Padri Brown. Padri huyu alikuwa mfupi, mwenye uso wa mviringo na mwavuli mkubwa, na wahalifu walimdharau, wakidhani kuwa mtu wa ibada hajui maovu ya dunia. Walisahau kwamba mtu aketiye miaka mingi akisikiliza watu wakiungama dhambi zao huyajua maovu kuliko wayatendao. Hapo elimu ya mpelelezi ilihama kutoka kwenye vitu ikaingia katika mioyo ya watu.

Aliyeikamilisha elimu hiyo, kwa maoni yangu, ni Agatha Christie, mwanamke Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1890 akafariki mwaka 1976. Mwezi wa Desemba mwaka 1927 alichapisha katika gazeti hadithi fupi ya bibi mmoja asiyeolewa, jina lake Bi Marple, akaaye katika kijiji cha kubuniwa kiitwacho St Mary Mead. Mwaka 1930 bibi huyo akapata riwaya yake ya kwanza, The Murder at the Vicarage, na kwa jumla alitungiwa riwaya 12 na hadithi fupi 20. Mtazame: nywele zake nyeupe, macho yake ya buluu, mikononi mwake sufu anayoifuma. Hupalilia maua yake mbele ya nyumba, na kutoka bustanini huwaona wote wapitao njiani. Akisema apenda kutazama ndege kwa darubini, usidhani kuwa ndege peke yao ndio watazamwao. Christie mwenyewe alieleza kwamba alimfananisha na vikongwe waliokuwa marafiki wa bibi yake, na kwamba bibi yake alikuwa na tabia ya kumtazamia kila mtu mabaya, na mara nyingi hakukosea.

Njia ya Bi Marple ni nyepesi kueleza na ngumu kufuata. Yeye huamini kwamba tabia za wanadamu ni chache, hurudi na kurudi, kama vile kanga mpya dukani hurudia nakshi za zamani. Akimwona tajiri mwongo wa mji mkubwa, humkumbuka kijana fulani wa kijijini kwake aliyekuwa mkavu wa macho vivyo hivyo. Akimwona mke mwema kupita kiasi, humkumbuka mwanamke mwingine ambaye wema wake ulikuwa pazia. Watu humcheka kwa mifano hiyo midogo. Mwishoni hawacheki tena. Kijiji kwake ni darasa, na somo ni mtu.

Hapo ndipo tunapofahamu kwa nini mji mdogo unafaa sana kwa hadithi hizi. Katika mji mdogo mhalifu hawezi kuwa mpita njia asiyejulikana. Lazima awe mmoja wa wale tulioketi nao, tukanywa nao chai, tukawasalimu njiani. Kikulacho ki nguoni mwako. Hofu ya hadithi hizi haitoki katika damu, maana mara nyingi damu yenyewe hatuioni; yatoka katika swali moja tu: ni nani kati yetu?

Tena Christie aliona ya kuwa hata vijiji hubadilika. Katika riwaya yake ya mwaka 1950, A Murder Is Announced, tangazo linatolewa katika gazeti la pale kwamba mauaji yatatokea katika nyumba fulani saa kumi na mbili na nusu jioni, na majirani wanakwenda kutazama, kila mmoja akidhani ni mchezo. Katika kupeleleza kisa hicho Bi Marple anaeleza kwamba kabla ya vita mgeni alikuja kijijini na barua kutoka kwa watu waliomjua. Baada ya vita alikuja na kitambulisho na kitabu cha mgao wa chakula, na watu walimjua kwa maneno yake mwenyewe tu. Kumbuka kwamba katika Uingereza mgao wa chakula ulidumu hadi mwaka 1954. Basi riwaya ya mauaji inatufundisha historia: vita vikubwa vilihamisha watu, na kata haikuijua tena siri ya kila mtungi.

Usidhani, msomaji, kwamba sanaa hii ni mali ya Waingereza peke yao. Mwandishi wa Unguja, Muhammed Said Abdulla, alishinda mashindano ya kuandika hadithi kwa Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, na mwaka 1960 hadithi yake ikatoka kitabu, Mzimu wa Watu wa Kale. Humo tunakutana na Bwana Msa, mvuta kiko, mtu wa mawazo, pamoja na rafiki yake Najum. Bwana Msa si askari. Maiti inapokutwa penye mzimu, watu wanaogopa mambo ya mizimu. Yeye anataka kujua mkono wa mwanadamu uliotenda. Baadaye vikafuata vitabu vingine, navyo ni pamoja na Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973 na Siri ya Sifuri mwaka 1974. Mwaka 1984 kikatoka kiitwacho Kosa la Bwana Msa, na jina hilo peke yake lingalinifaa kama onyo, kama kitabu kingalitoka mapema kidogo. Maana kosa langu mimi lilikuwa limekwisha kutendeka.

Ilikuwa mwaka 1971, nami nilikuwa na umri wa miaka 15. Wakati wa likizo nilikaa kwa mjomba wangu, aliyekuwa na duka katika mji mdogo wa kando ya reli, kati ya Mombasa na Nairobi. Duka lenyewe lilikuwa la sukari, mafuta ya taa, sabuni ya mche na kanga. Mbele yake palikuwa na baraza ambapo wazee walikutana kila jioni kunywa kahawa, na hapana neno la mji ule lisilopita juu ya baraza ile. Ndani alikuwamo kijana mmoja msaidizi, mtu wa mbali, mpole, msema machache. Nilikuwa nimemaliza kusoma Mzimu wa Watu wa Kale kwa mara ya pili, na kichwa changu kilifuka moshi wa kiko nisichokivuta.

Jumamosi moja jioni mjomba alihesabu shilingi 120, noti 6 za shilingi 20, akazitia katika mtoto wa meza. Fedha hizo hazikuwa haba siku zile. Jumatatu asubuhi hazikuwapo.

Mjomba alisikitika, mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilitwaa daftari, nikaandika dalili. Ya kwanza: msaidizi ndiye aliyefunga duka Jumamosi, akiwa peke yake. Ya pili: Jumamosi ile ile alikuwa ameuliza saa za treni, kama mtu atakaye kutoroka. Ya tatu: Jumatatu alikuja kazini na viatu vipya. Ya nne: nilipomtazama, aliangusha macho chini. Dalili 4 zote zilielekea mahali pamoja, kama mito iendayo baharini. Niliona fahari kubwa.

Ningaliweza kumwita mjomba faraghani. Lakini nilijua hadithi hizi zinavyokwisha: mpelelezi huwakusanya watu wote, huwaeleza mambo hatua kwa hatua, kisha hunyosha kidole. Basi nilingoja jioni, wazee walipokwisha kujaa barazani, nikasimama nikasema yote. Nikanyosha kidole.

Kijana yule alisema neno moja tu: “Sikuzichukua, mzee.” Mjomba hakumpeleka kwa polisi, naye alidhani kuwa huo ni wema. Alimlipa siku alizofanya kazi, akamwambia aende. Kijana alizunguka mjini siku 3 akitafuta kazi, na kila duka lilikuwa limekwisha kupata habari. Siku ya nne alipanda treni. Wazee walitikisa vichwa wakasema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi nilisifiwa kwa akili yangu.

Miezi 7 baadaye, nilipokuwa huko tena, mjomba alitaka kupaka chokaa kuta za duka kabla ya sikukuu. Tukaisogeza ile meza. Nyuma ya mtoto wa meza ubao ulikuwa umeachana, na noti zilikuwa zimesukumwa zikapita katika ufa, zikaangukia chini ya meza penye giza. Noti 4 zilikuwa nzima. Mbili panya alikuwa amezitafuna na kuzifanyia tundu lake. Mjomba aliketi juu ya gunia la sukari, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaniambia, “Mtafute.”

Tulimpata Mombasa, kwa msaada wa kaka yake aliyefanya kazi bandarini. Alitukaribisha, akatupa chai. Huko nilipata jibu la dalili zangu, nazo zilikuwa na jibu moja. Kaka yake alimpelekea furushi kwa treni, ndiyo maana akauliza saa. Na ndani ya furushi vilikuwamo viatu. Karani wa stesheni angaliniambia hayo kwa swali moja, nami sikumwuliza. Ama macho, kwao kijana hakazi macho akitazamwa.

Mjomba alimtaka radhi, akamlipa mshahara wa miezi yote ile. Kisha nami nikamtaka radhi, huku machozi yakinitoka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole, “Mdogo wangu, nimekusamehe. Lakini ulinishitaki mbele za watu, na radhi umekuja kunitaka chumbani.”

Sikuwa na la kujibu. Tuliporudi, nilisimama barazani pale pale nikawaeleza wazee kwamba nilisema uongo bila kujua, na kwamba kutojua kwangu hakukumpunguzia yule kijana hasara. Wengi walinielewa. Mmoja alinywa kahawa yake akasema kwamba hata hivyo, kijana yule hakuwa mtu wa kuaminika, kwa kuwa watu hawasemi bure. Mzee huyo aliishi miaka mingi, na sidhani kama alibadili maoni yake. Neno likitoka barazani halirudi lote.

Miaka ilipita nisiweze kufungua kitabu cha upelelezi. Nilipovirudia vitabu hivyo nikiwa mtu mzima, niliona jambo la kunitia haya zaidi. Kosa halikuwa la vitabu. Mimi ndiye niliyevisoma nusu. Chukua kitabu chochote chema cha namna hii, ukitazame vizuri: mtu ashukiwaye kwanza, yule ambaye dalili zote zamwelekea, yule mgeni asiyependwa, aghalabu hana hatia. Kazi kubwa ya mpelelezi katika hadithi hizi si kumpata mbaya tu. Ni kumwokoa yule ambaye mji umekwisha kumhukumu. Mimi niliutwaa ufundi wa Bwana Msa kwa daftari, lakini nilisimama upande wa wale wanaokosea.

Katika mkusanyo wa hadithi za Bi Marple uliotoka mwaka 1932, The Thirteen Problems, hadithi ya mwisho inahusu msichana wa kijiji aliyekutwa amekufa maji. Wote wanamshuku kijana mmoja mchora ramani za majumba aliyetoka London, maana ni mgeni na alimtendea msichana vibaya. Bi Marple anajua kuwa siye, tena anajua ni nani, ila hana ushahidi. Anafanya nini? Hapigi kelele sokoni. Anakwenda kwa mzee mmoja aliyekuwa mkuu wa polisi, anaandika jina katika kipande cha karatasi, anampa, na anamwomba atazame kama ushahidi utapatikana, asije akanyongwa asiye na hatia. Nilipoisoma hadithi hiyo nilikiweka kitabu chini. Kikongwe wa kubuniwa alikuwa na adabu ambayo mimi mwenye damu na nyama nilikosa.

Liko jambo la pili. Katika kitabu, mwandishi ameketi nyuma ya mpelelezi wake na kumhifadhi. Viatu vipya vikitajwa, mwandishi ndiye aliyeviweka hapo kwa kusudi lake, na mwisho wake anaujua. Duniani viatu vipya vyaweza kuwa viatu vipya tu. Tena kitabu hufungwa mhalifu atajwapo, wala hatuambiwi kesho yake watu wanaishije. Duniani kesho yake hufika, na aliyetajwa huamka akatembea mjini akitazamwa.

Sikukatazi, msomaji, kuzisoma hadithi hizi. Zisome. Zitakufundisha kutazama, kukumbuka, kupima neno la mtu na tendo lake, na kutomdharau bibi kizee aketiye kibarazani akifuma ukili. Lakini unapozisoma, jiulize: ni nani hapa anayeshukiwa bure, na nani atamtetea? Na siku kitu kitakapopotea bwenini kwenu au nyumbani kwenu, na dalili zako zote zikimwelekea mtu mmoja, tena mtu asiye na wa kumsemea, hapo ndipo uanze kuuliza. Uliza kwa faragha. Mwulize karani wa stesheni. Sogeza meza.

Yule kijana sasa ni mzee mwenye wajukuu. Hatukukutana mara nyingi, na jina lake silitaji hapa, maana nilikwisha kulitaja mara moja isivyopasa. Ila aliniambia kwamba radhi iombwe mbele za watu, na wazee wa baraza ile hawako tena. Basi nimewaeleza ninyi.